Ukucha Wenye Piko

Muznat, jana umeniuliza mbele ya kioo
kwa nini kidole changu cha shahada
sikipaki hina, hata harusini.
Kaa nikusuke. Nikisuka husema vizuri.

Ulikuwa na majuma thelathini na mbili.
Sista Kadzo aliyaandika kwa wino mwekundu
kwenye kadi ya kliniki iliyolowa maji ya ndimu mkobani.
Lamu ilikuwa ikifunga mlango saa moja usiku.
Hata punda wa Langoni walilala mapema,
na wanaume waliosalimiana kwa viwiko
ungedhani wanasukumana.

Ilianza jikoni. Mtu akasema,
"Somoe, iliki imezidi,"
na mimi nimeinamia sufuria, sinusi kitu.
Nikafungua kichupa cha asumini. Kimya.
Nikanusa shati la baba yako. Kimya.
Pua yangu ilikuwa nyumba iliyohamwa.

Kisha pumzi.
Nilidhani ni wewe, visigino vyako mbavuni,
nilidhani ni ngazi, zilizokuwa ndefu tangu enzi za babu.
Ngazi ya saba niliketi.
Ya saba, Muznat. Ziko kumi na nne.

Hospitalini walinibana kidole hiki
kwa kidude kama kibanio cha nguo,
kisome hewa iliyomo damuni.
Lakini nilikuwa na piko, nyeusi ti,
ya harusi ya wifi, ile ya watu kumi na watano.
Kikawaka, kikazima, kikaandika vistari.
"Ukucha umeteremsha pazia," Sista Kadzo akacheka,
akakihamishia sikioni, akangoja,
akaacha kucheka.
Themanini na sita.
Shuleni kwa themanini na sita ningepewa zawadi.

Mtungi wa oksijeni uliletwa kwa rukwama;
niliusikia ukigonga kuta tangu kichochoro cha tatu.
Daktari hakunificha:
"Wajawazito wengi hupita salama.
Wengine presha hupanda. Wengine mtoto huharakia mlango.
Wewe uko wapi, sijui."
Nilimpenda kwa hilo neno, sijui.

Kitanda cha pili alilala Mwanajabu, wa Pate.
Mateke ya mwanawe aliyahesabu kwa tasbihi.
Alhamisi alfajiri tasbihi ilikuwa mkononi,
haisogei.
Walimpitisha na kitu
kilichofungwa vizuri mno ndani ya leso mpya.
Sikuweza kumpa pole, mdomo umezibwa na hewa.
Niliinua kidole tu.
Hiki.

Usiku ule ule presha ikanipanda, wakakutoa kwa kisu.
Kilo moja na gramu mia sita.
Bibi yako aliomba kondo alizike uani, wakamnyima.
Hakuna aliyenikanda, hakuna aliyenifukiza udi;
arubaini yangu niliihesabu kwa dari.
Alinipigia simu kila asubuhi: "Yeo wapumuaje?"
kama vile watu wengine huulizwa wamekula nini.
Na baba yako, aliyeona haya kuvua shati hata ufuoni,
alifungua vifungo, akakubeba kifuani,
ngozi kwa ngozi, siku tisa,
kabla mimi sijakugusa.

Geuza kichwa. Hapa pana fundo.

Mpaka leo asumini inaninukia mafuta ya taa.
Harufu yako ya kuzaliwa siijui.
Baba yako anasema ilikuwa mkate wa kumimina,
ule wa kingo, ulioungua kidogo.
Namwamini. Namwonea wivu.

Sasa swali lako.
Unakumbuka mwaka jana, sokoni,
nilipokuvuta ghafla nikakufunika na buibui,
ukalia joto, ukaniuma mkono?
Mbele yetu alikuwa Mwanajabu,
akichagua mabiringani, akiyabonyeza moja moja.
Nilitaka kuinua kidole.
Nilikuinamia wewe badala yake,
nikakuziba mdomo, mwanangu, usisikike.

Bado msuko mmoja. Tulia.